Aliyebisha Hodi Kwenye Mikoba

Kabla ya kufungua mkoba wowote, hata ule uliotoka kwenye robota la mitumba dakika hiyo hiyo, Fundi aliugonga kwa kidole mara mbili na kusema, "Hodi, mama." Kisha alingoja. Alingoja muda ule ambao mtu mwenye adabu humwachia mwenye nyumba ajifunge leso vizuri, ndipo akavuta zipu. Sisi wachuuzi tuliosimama mbele ya meza yake pale sokoni Kitale tulikuwa tukimwitikia kwa sauti nyembamba, "Karibuuu!" halafu tunacheka hadi tunashikana mabega. Yeye hakucheka. Alisema mkoba ni wa mwanamke, na mwanamke mwenyewe hayupo kumkataza mtu, kwa hivyo angalau abishe.

Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kununua mikoba ya ngozi iliyotumika huko Kitale na kwenda kuiuza Bungoma kwa walimu, wauguzi na akina mama wa kanisa. Hao ni watu wanaotaka kitu cha mtumba kisichoonekana cha mtumba. Kati ya robota na mteja wangu alikuwapo Fundi. Mkoba ukitoka kwenye robota huwa umebonyea, umefanya ukungu kwenye pembe, zipu imekwama na bitana imechanika. Ukipita mikononi mwake unasimama wima mezani na mwalimu mkuu anautaka. Nilimpelekea kazi kwa miaka kumi na mmoja na sikuwahi kumwita jina lake. Yeye aliniita mayi, neno la heshima la kwetu kwa mwanamke yeyote, hata nilipokuwa msichana tu mwenye maneno mengi.

Maneno ninayo bado. Nayataja mapema kwa sababu yatahitajika.

Meza yake ilikuwa ukingoni mwa soko, upande wa njia ya kuelekea Kipsongo, chini ya paa la mabati lililovuja mahali pale pale kila mvua. Alikuwa mrefu, amekonda, na mabega yake yalikuwa yamekunjika mbele kwa kuinamia kazi. Alivaa dastikoti, lile koti refu la kijani la mafundi, na nadhani koti hilo halikuwahi kuona maji. Lilikuwa limekauka kwa gundi kifuani na kugeuka jeusi kwenye mifuko. Mtu aliyesafisha uchafu wa wanawake wa dunia nzima alitembea akinuka thina, ile dawa kali ya kuyeyushia gundi, kutoka mbali. Mkewe, aliyebaki nyumbani kwao Webuye na shamba, alimkataza kuingia nalo ndani, kwa hivyo akienda nyumbani lililala kwenye msumari nje ya mlango. Nilimwuliza kwa nini halijawahi kufuliwa. Alisema, "Hii ikifuliwa, mimi nitajijua aje?"

Alikuwa na taratibu zake, nami nimewaona mafundi wengine wakizicheka na baadaye kuziiga. Doa la mafuta alilipaka unga wa mahindi na kuuacha hapo siku nzima, unga unywe mafuta. Ukungu aliufuta kwa siki. Ngozi iliyokauka hakuipaka rangi ya viatu kama wengine, maana rangi inaziba na kesho ngozi inapasuka. Aliipaka mafuta yale mazito ya kupaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, ambayo Trans-Nzoia hayakosekani dukani, na akayasugua kwa kiganja hadi ngozi ipate joto. Meno ya zipu aliyapitishia kipande cha mshumaa. Na hakuanika mkoba juani, hata ungekuwa na haraka ya namna gani. "Kivulini," alisema. "Jua ni la mahindi."

Ili mkoba upate umbo, aliujaza magazeti ya zamani. Lakini kwanza aliketi na kuyapekua, akitoa kurasa za matangazo ya vifo. Hizo alizikunja vizuri na kuziweka chini ya kiti. Alisema hawezi kuwalaza maiti ndani ya begi la mtu ambaye hakuwaalika. Zilijaa chini ya kiti hadi miguu yake ikawa haina mahali. Mama Viatu, jirani yake wa meza ya pili, mwanamke wa familia za wakulima waliotoka Mkoa wa Kati zamani, alimwambia azitumie kuwashia moto. Alimtazama kana kwamba amemwambia awashe moto kwa Biblia.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu mpole. Adabu yake yote aliwawekea wanawake wasiokuwapo. Sisi tuliokuwapo alitufokea. Siku moja mama mmoja alishuka kutoka Cheptais na mkoba mweupe wenye doa la wino, akitaka uwe tayari kwa harusi ya binti yake Jumamosi. Fundi aliugeuza mara moja tu.

"Hii si ngozi."

"Niliambiwa ni ngozi, Fundi."

"Uliambiwa na nani? Hii ni mpira. Enda nayo."

"Si ungejaribu tu? Ni harusi bana."

"Sitajaribu. Ukitaka kudanganya watu wa harusi, danganya na kitu ingine."

Yule mama aliondoka akijifuta machozi kwa mkono ule ule alioshikia mkoba. Nilimwambia Fundi kwamba ana roho mbaya. Alikuwa amegonga mkoba mwingine na alikuwa anangoja.

Siku nyingine, ndani ya bitana ya mkoba mwekundu, alipata jino la mtoto, lile la kwanza kung'oka, limefungwa kwenye karatasi laini. Sisi tulitaka alitupe. Alilala nalo usiku mmoja, na kesho yake tukaona ameshona bitana mpya na kulirudisha jino mle mle chini, kwenye kona. Mkoba huo niliuuza mimi, kwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bungoma. Anatembea na jino la mtoto wa watu mpaka leo, na mimi nimenyamaza.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa mikono. Ilikuwa pua.

Wachuuzi wa mikoba hununua robota likiwa limefungwa. Unatoa fedha zako kwanza, ndipo unafungua uone kama Mungu yuko nawe. Wanawake watatu au wanne huchanga pamoja, na ukikosea mnakosea wote. Fundi alikuwa na ruhusa ambayo hakuna mwingine aliyepewa: muuzaji alimwachia achane tundu dogo kwenye pembe ya robota, atie pua. Alivuta pumzi, akafumba macho, akasema. Hili lina ukungu, liacheni. Hili ni la watu wavutao sigara. Hili ni ngozi tupu, chukueni upesi. Na ukimpa mkoba mmoja mmoja, alikusimulia mwenyewe: huyu alikuwa na mbwa ndani ya nyumba, huyu alikuwa mgonjwa wa kitandani, huyu alipenda machungwa. Tulitembea umbali mrefu ili tu kumsikiliza. Kuna wanawake waliokuja kutoka Kapenguria kwa ajili ya pua hiyo. Mafundi wa kushona walikuwa wengi pale sokoni, wa kunusa alikuwa mmoja, na yeye alijua hivyo.

Sasa nikikumbuka, naona mambo ambayo wakati ule nilipita juu yake. Mama Viatu alimletea chai ya maziwa yaliyochacha, akainywa yote na kushukuru. Sufuria ya maharagwe ya mama wa hoteli iliungua nyuma yake hadi moshi ukatutoa machozi, na yeye akauliza kwa nini tunalia. Na mwaka mmoja kabla ya yale yaliyotokea, tulinunua robota alilosema ni safi, tukalifungua na kukuta ukungu umekula nusu nzima. Tulimlaumu muuzaji. Tukailaumu meli iliyolileta. Hakuna aliyemtazama Fundi. Thina, gundi na siki, kila siku, miaka yote hiyo, chini ya mabati yasiyo na dirisha. Pua ilikuwa imekufa zamani. Aliendelea kufumba macho na kusema chochote ambacho vidole vyake vilimwambia, na vidole vyake vilikuwa na akili sana, kwa hivyo mara nyingi alipatia.

Mama yangu alifariki mwezi wa nane, kijijini kwetu nje ya Bungoma. Baada ya maziko na kunyolewa nywele, tulikaa chini kugawa nguo zake kama desturi ilivyo. Dada zangu walichukua leso na makoti. Mimi niliomba mkoba wake wa kanisani, wa ngozi ya kahawia, ambao mjukuu alikuwa ameung'ata pembeni alipoota meno. Sikuuomba kwa ajili ya ngozi. Ukiufungua, mama alikuwa mle ndani: dawa yake ya kuchua magoti, peremende za tangawizi, moshi wa jikoni na poda. Wiki za kwanza nilikuwa nikifungua zipu kidogo tu, navuta pumzi mara moja na kuifunga haraka, nisimmalize.

Mshikio ulikuwa umelegea. Nikaamua kuupeleka kwa Fundi, na hapo ndipo nilipokosea mimi, kabla yeye hajakosea. Niliutia kwenye gunia moja na mikoba mingine ya mitumba niliyokuwa nampelekea. Mmoja wa hiyo ulikuwa wa kahawia pia, wa ukubwa ule ule, mshikio umelegea vile vile.

"Fundi," nilimwambia, "huu wa kahawia ni wa mama. Shona mshikio tu. Ndani usiguse, hata kufuta usifute. Harufu yake ndiyo nimebaki nayo."

"Nimeelewa, mayi. Pole sana."

Sikumwonyesha ile alama ya meno. Ya nini? Kwa mtu mwenye pua kama ile, kumwonyesha alama ingekuwa kumtukana.

Niliporudi siku ya nne, soko lilikuwa limejaa. Wenzangu watatu niliochanga nao walikuwa pale mezani, na Mama Viatu kwenye meza yake. Fundi aliinuka, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na kunipa mkoba wa kahawia kwa mikono miwili. Mshikio ulikuwa umeshonwa vizuri kupita kawaida. Alifungua zipu kidogo, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Mama yako bado yuko humu," alisema, r na l zikipishana mdomoni kama kila aliposema jambo zito. "Halufu yake kweri kweri. Sijamgusa."

Nikatia pua. Manukato. Manukato makali ya mwanamke wa Ulaya ambaye simjui, pamoja na sigara. Niligeuza mkoba. Haukuwa na alama ya meno.

Nikatazama nyuma yake. Kwenye waya, kivulini, ulining'inia mkoba wa mama yangu, safi, unang'aa mafuta, umejazwa magazeti. Bitana yake ya zamani ilikuwa imeng'olewa yote na kuchomwa pamoja na takataka za jana. Mahali pake palikuwa na kitambaa kipya cha maua madogo, kilichobandikwa kwa gundi na kushonwa. Niliushusha na kuingiza uso wangu wote ndani. Siki, thina na gundi. Nilitafuta. Wallahi nilitafuta, kama mtu anayemwita mtu kwenye nyumba iliyohamwa.

Ningeweza kulia, na watu wangenihurumia, na mambo yangeishia hapo. Sikulia. Niligeukia soko na kupaza sauti.

"Njooni muone! Huyu mzee hana pua! Amenipa begi ya mzungu akiniambia ni mama yangu! Ile robota ya ukungu, si ni yeye alituambia ni safi? Hanusi kitu! Miaka yote anatudanganya!"

Watu walikuja. Mmoja wa wenzangu alifungua chupa ya thina, akachovya kitambaa, akachovya kingine kwenye maji, na kumshikia vyote viwili puani. "Sema basi, Fundi. Ipi ni ipi?" Wengine walicheka. Fundi alifumba macho kwa mazoea, kisha akayafumbua. Hakusema ni kipi. Aliketi, miguu yake ikakanyaga zile kurasa za vifo chini ya kiti, na akanitazama mimi peke yangu.

"Mayi," alisema polepole, "si ungeniambia kando."

Nilichukua mkoba wangu nikaondoka.

Hakukaa sana baada ya hapo. Robota lilipoletwa hakuna aliyemwita achane tundu, na wachuuzi waliokuwa wakimpelekea kazi kwa sababu ya pua wakagundua kwamba kushona kunaweza kufanywa na yeyote. Mama Viatu ndiye aliyeniambia amefunga meza na kurudi Webuye. Ndiye pia aliyeniambia jambo ambalo nilitamani asingeniambia.

"Haki, wewe ulimwonea," alisema. "Mimi nilimwona siku hiyo alishika ile begi ya mama yako. Alibisha. Akasema hodi, mama, akangoja kushinda siku zote. Sisi hatukumwitikia, tulikuwa na wateja. Ndio akafungua."

Miaka minne imepita. Mkoba nimeutumia kila siku, kwa sababu haukuwa na kitu tena cha kuhifadhi. Mwaka huu, watu wakiwa bado wanalima kungoja mvua, Mama Viatu alinipigia simu akasema kifua cha Fundi kimeharibika, hospitali wamemrudisha nyumbani, na kama nina la kumwambia nisingoje mavuno. Nikaenda Webuye.

Mkewe alinipokea uani. Alikuwa karibu na jiwe la kufulia, na nguo za mgonjwa zimerundikwa kwenye beseni. Alinionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, blanketi magotini, na kila pumzi aliyovuta niliisikia kabla sijamfikia. Bila dastikoti alionekana mdogo. Nilimsalimu. Alinitambua kwa sauti kabla ya kuinua macho.

"Mayi wa maneno," alisema. "Kalibu."

Tuliulizana habari za mahindi. Tuliulizana habari za soko, nikamwambia mabati bado yanavuja pale pale. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha na nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani, mimi ambaye sijawahi kupungukiwa na maneno. Halikutoka hata moja. Yeye ndiye aliyenionea huruma.

"Ulikuja na yeye?"

Nikauweka mkoba magotini pake. Aliushika kama daktari, akapapasa mshono, akapapasa pembe, akafika kwenye alama ya meno na kidole chake kikakaa hapo.

"Hii singekosa," alisema. "Kama ungenionyesha."

"Sikukuonyesha, Fundi."

"Rakini ni mimi nilifungua."

Aliugonga mara mbili. "Hodi, mama," alisema, na sauti ikakatika kwa kikohozi. Tulingoja kikohozi kiishe. Kisha tukangoja tena, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya. Ndipo nikasema, "Karibu," si kwa sauti nyembamba kama zamani, ni kwa sauti yangu tu.

Akafungua zipu. Hakutia pua. Alinisogezea.

"Kunanukia nini? Na usinidanganye. Mimi nilikudanganya, inatosha."

Nilinusa. Nilitaka sana kumwambia ni dawa ya magoti na tangawizi. Nilimtazama, nikaona angejua.

"Gundi," nikasema.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo, Fundi. Gundi."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Ilikuwa gundi mzuri," alisema, akafunga zipu hadi mwisho na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Ningekuambia kando," nikasema.

"Ndiyo, mayi. Ungeniambia kando."

Alikuwa amechoka, macho yalikuwa yanajifunga. Nilimfunika blanketi vizuri na kurudi uani.

Mkewe alikuwa amefika mwisho wa nguo. Alinyoosha mkono juu, kwenye msumari ulio nje ya mlango, akalitoa lile dastikoti la kijani. Alilishika mbali na uso wake na kuanza kulishusha kwenye beseni la maji ya sabuni. Nilikimbia. Mtu mzima, na mkoba begani, nilikimbia uani pa watu.

"Mama, hiyo usifue!"

Alishtuka. Mkono mmoja wa koti ulikuwa tayari majini. "Inanuka, dada. Miaka yote ananikataza, sasa amelala ndio napata nafasi. Nyumba yote inanuka thina."

"Najua inanuka," nikasema. "Usifue."

Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Kisha akatazama kule nyuma ya nyumba, pumzi zilikokuwa zikisikika, na nikaona uso wake ukibadilika alipoelewa ninachomwambia. Akaketi juu ya lile jiwe la kufulia, koti magotini, na kuufunika uso kwa mikono yenye povu.

Nililichukua koti kutoka magotini pake. Niliukamua ule mkono mmoja taratibu, nikihakikisha maji hayapandi hadi begani, nikalitundika kivulini.